Maji ya Bamvua

Neno pwani limezaliwa na kitendo cha kupwa. Bahari inaporudi nyuma na kuiacha nchi wazi, pale palipoachwa na maji ndipo pwani. Na kwa mvuvi, au kwa mama mwenye shamba la mwani, pwani ni mahali na ni saa pia, maana mahali pale pale asubuhi huendewa kwa miguu na alasiri hupitiwa kwa ngalawa. Watu wa mwambao hulitamka neno hili kila siku pasi na kuikumbuka asili yake. Mgeni anayejifunza lugha darasani yeye hupewa neno ufukwe, neno zuri lisilo na kosa, ambalo hoteli zimelipenda na vitabu vya mafunzo vimelipokea, na ambalo siku hizi limebeba ndani yake mwavuli, kiti cha kulalia na chupa ya maji baridi. Wazee wa zamani waliposema fulani amekwenda pwani hawakukusudia lolote katika hayo. Aghalabu ilikuwa ni adabu ya kusema kwamba amekwenda haja.

Tofauti ya maneno haya mawili, ambayo kwa kawaida huwashughulisha watunga kamusi tu, siku moja huko Jambiani ilikaribia kumgharimu mtu.

Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa Julai, mwezi wa angani ukiwa wa kumi na nne. Basi dogo la kukodi liliondoka mjini Zanzibar asubuhi likiwa na Wamarekani kumi na mmoja, wanafunzi wenyeji saba, mwalimu mmoja wa Kiswahili, dereva, na masanduku mawili ya barafu. Wamarekani walikuwa wamekuja kwa wiki nane kusoma lugha. Desturi hii ya vijana wa Kimarekani kuvuka bahari kwenda kusoma, kisha masomo hayo yakahesabiwa katika shahada zao nyumbani, si ya jana: mwaka 1923 Chuo Kikuu cha Delaware kilipeleka wanafunzi wanane Ufaransa kwa meli, na hao ndio hutajwa kuwa wa mwanzo. Na Zanzibar nayo imekuwa darasa la Kiswahili kwa wageni tangu mwishoni mwa miaka ya sabini, ilipofunguliwa Taasisi ya Kiswahili na Lugha za Kigeni pale Vuga, ambayo leo ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar. Wengi waliopita katika madarasa hayo wametoka na Kiswahili safi kuliko cha baadhi ya watangazaji wetu, na hilo lisemwe kwa haki kabla ya kusemwa mengine.

Katika ratiba za masomo kama haya haikosekani safari ya mwisho wa wiki pamoja na wanafunzi wenyeji. Karatasi huiita mabadilishano ya utamaduni. Wenyeji huiita matembezi, na hufurahi kwelikweli, kwa sababu basi limelipiwa, chakula kimelipiwa, na mtu hupata kulala usiku mmoja katika nyumba ya wageni ambayo kwa fedha yake asingelipa hata kiti cha ukumbini. Huko kwenye furaha ndiko mizani inakoanza kupinda kidogo. Anayelipa ndiye anayeuliza maswali, na anayelipiwa hujiona anadaiwa majibu.

Miongoni mwa wale wenyeji saba alikuwamo mmoja ambaye uenyeji wake ulikuwa wa karatasi tu. Alikuwa kijana mrefu, mkimya, mwenye shati jeupe la mikono mirefu lililopigwa pasi kana kwamba anakwenda mtihanini. Kwao ni Enguserosambu, kata ya wilaya ya Ngorongoro, katika tarafa ya Loliondo, juu kwenye nchi ya baridi na mitarakwa inayopakana na Kenya. Kutoka kule mpaka Unguja ni safari ya siku tatu kwa mtu asiye na haraka na asiye na fedha ya ndege: basi linaondoka Wasso kabla ya alfajiri, linapita chini ya Oldoinyo Lengai na kando ya Ziwa Natron, linashuka Mto wa Mbu, linafika Arusha jioni, kesho yake Dar es Salaam, keshokutwa yake boti. Alikuwa amekaa kisiwani miezi tisa akisomea ualimu, na muda wote huo bahari alikuwa ameiona kwa namna mbili: katika dirisha la boti, akiwa amefumba macho nusu ya safari, na pale Forodhani usiku, ambapo bahari ni giza lenye taa za majahazi.

Kila alipoulizwa kwao wapi na akajibu Loliondo, jibu alilopata lilikuwa moja: "Aa, kwa Babu!" Visiwani, kama ilivyo bara, jina la Loliondo liliingia majumbani mwaka 2011, wakati maelfu ya watu walipopanga foleni ya magari kwenda kijiji cha Samunge kunywa kikombe cha dawa cha mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500. Walikwenda pia watu wa Unguja na Pemba, Waislamu kwa Wakristo, na wengine waliuza ng'ombe kwa nauli. Mzee yule alifariki mwaka 2021, lakini kijana wetu aliendelea kuulizwa kama aliwahi kumwona. Hakuwahi. Samunge ni kwa Wasonjo, nao kwao ni Wamasai wa Loita. Ni kama kumuuliza mtu wa Jambiani habari za mganga wa Micheweni. Alikuwa ameacha kueleza. Siku hizo alitabasamu tu.

Basi lilipopita Jozani, mwalimu akawaeleza wageni habari za kima punju, ambaye hapatikani porini pengine popote duniani ila visiwa vya Zanzibar. Msichana mmoja wa Kimarekani, aliyekaa kiti cha mbele ya yule kijana, akageuka na kumuuliza kwa Kiswahili chake cha uangalifu kama kwao nako kuna msitu.

Akasema upo. Akasema ni mkubwa kuliko huu, wa mitarakwa na mizeituni ya mwitu, na wenye kuutunza ni wanavijiji wenyewe. Msitu huo hauishii mpakani. Unaendelea upande wa Kenya, na huko Waloita wanauita Naimina Enkiyio, msitu wa mtoto aliyepotea. Ndipo akasimulia. Msichana mdogo alikuwa akichunga ndama, ndama wakaingia msituni, naye akawafuata. Jioni ndama wakarudi boma. Yeye hakurudi. Morani wakaingia kumtafuta, wakatafuta siku nyingi, hawakuona hata ushanga.

Wageni wakanyamaza kwa heshima. Mmoja akaandika katika daftari. Aliyesema neno alikuwa binti wa Kiunguja aliyekaa upande wa pili wa njia, mzaliwa wa Jambiani hiyo hiyo walikokuwa wakienda, ambaye mpaka wakati ule alikuwa ameshughulika na simu yake. "Angalau kwenu ndama walirudi," alisema.

Hakufafanua, na wenyeji wenziwe hawakumwuliza, kwa sababu walijua. Mjomba wake alikuwamo katika meli ya MV Spice Islander, iliyozama usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 katika mkondo wa Nungwi, ikielekea Pemba, ikiwa imejaza watu na shehena kupita kiasi. Hakuonekana. Miezi kumi baadaye, tarehe 18 Julai 2012, MV Skagit nayo ikapinduka ikitokea Dar es Salaam. Kizazi cha vijana waliokuwa watoto wakati ule kina namna yake ya kuitazama bahari, na namna hiyo haimo katika picha za matangazo ya utalii.

Walifika Jambiani saa nne. Wageni walishuka tayari wameshavaa nguo za kuogelea chini ya kanga walizonunua Darajani, wakapita mbio kati ya minazi, wakatokea mchangani, wakasimama. Bahari haikuwapo.

Mbele yao ulikuwa uwanda. Mchanga mweupe, kisha matope ya kijivu yenye madimbwi yanayong'aa, kisha kijani, kisha tena mchanga, na mbali kabisa, pengine mwendo wa nusu saa kwa miguu, mstari mwembamba mweupe wa mawimbi yanayopasuka juu ya mwamba. Ngalawa zilikuwa zimelala ubavu kama ng'ombe waliochoka. Watu wadogo kama sisimizi walikuwa wamejiinamia huko katikati.

"Bahari imekwenda wapi?" akauliza mvulana mmoja wa Kimarekani, kwa sarufi isiyo na dosari.

"Maji yamekupwa," akajibu yule binti wa Jambiani. "Leo bamvua. Yatajaa saa kumi."

Neno bamvua halikuwamo katika kitabu chao. Mwalimu, ambaye ni mtu wa mjini, alieleza kadiri alivyoweza: kwamba mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu maji hupwa mno na kujaa mno, na hayo ndiyo bamvua, na baina ya hayo huwa maji mafu, yanayokwenda kidogo na kurudi kidogo. Akasahau kusema kwamba kwa kadiri maji ya bamvua yanavyokwenda mbali, ndivyo yanavyorudi kwa haraka. Si wa kulaumiwa. Waliozaliwa kisiwani wanalijua hilo kama wanavyojua kwamba moto unaunguza, na hakuna mtu anayemweleza mtu mzima kwamba moto unaunguza.

Yafaa kusimama hapa kidogo, kwa kuwa kuna dhana kwamba watu wa pwani hawana mazoea ya kwenda baharini kwa starehe na kwamba jambo hilo tumeletewa. Ukweli ni kwamba wenye kutuletea nao waliletewa. Waingereza waliishi karne nyingi wakiipa bahari mgongo. Ilikuwa katikati ya karne ya 18, daktari Richard Russell alipoandika mwaka 1750 kuyasifu maji ya chumvi kuwa dawa, ndipo matajiri wakaanza kumiminika Brighton kuchovywa baharini kwa maagizo ya tabibu. Kuota jua kulikuja baadaye sana. Kwetu siku za kwenda pwani zilikuwapo na zina majina. Upo Mwaka Kogwa wa Makunduchi, siku ya Nairuzi, mwezi huo huo wa Julai, ambapo watu hukoga baharini kuutoa mwaka, kisha hupigana kwa mabua ya migomba kumaliza vinyongo. Ipo siku ya kuvunja jungu kabla ya Ramadhani, ambapo familia nzima, na masufuria yake, huhamia ufuoni. Jambo moja tu ndilo tofauti: hakuna anayekwenda kulala kifudifudi juu ya mchanga peke yake. Mtu anayefanya hivyo ataulizwa kama anaumwa.

Basi wageni walikaa. Wengine walitembea mpaka madimbwi ya karibu kutazama nyota za bahari. Msichana yule wa kiti cha mbele, ambaye kwao kila msimu wa joto hufanya kazi ya kulinda waogeleaji, alimwambia binti wa Jambiani kwamba jioni atamfundisha kuogelea, kwa kuwa amesikia kwamba wanawake wengi wa hapa hawajui, na jambo hilo linamsikitisha. Alisema kwa moyo safi. Binti akamshukuru, akasema, "Inshallah," neno ambalo vitabu vya mafunzo hulifasiri vibaya kuliko maneno yote.

Ndipo walipokuja wauza shanga.

Walikuwa watatu, vijana wa Kimasai waliovaa rubega nyekundu, sime kiunoni na miwani ya jua. Wamasai walianza kuonekana fukwe za Unguja pamoja na hoteli, zaidi ya miaka ishirini iliyopita, wakitoka Simanjiro, Kiteto, Handeni na kwingineko. Wengine ni walinzi wa usiku, wengine husuka nywele, wengi huuza bangili na kupigwa picha. Wageni wakawazunguka. Simu zikatoka. Ikatakiwa mtu wa kupiga picha ya kundi zima, na aliyekuwa karibu akiwa hana kazi alikuwa kijana wa shati jeupe. Akapewa simu nne. Akasimama mbele yao, mgongo wake ukielekea baharini, akawapanga: warefu nyuma, wafupi mbele, Wamasai watatu katikati.

Alipomaliza, mmoja wa wale watatu akamtazama masikio, kisha meno, akasema: "Sopa."

"Hepa," akajibu.

Wakaulizana ukoo na rika la baba zao kwa Kimaa, upesi upesi. Yule muuza shanga alitoka Kiteto. Hawakuwa na ndugu wa pamoja, lakini walipata jina moja la mtu aliyeuza ng'ombe Arusha ambaye wote walimjua, wakacheka.

Wageni walipigwa na bumbuwazi. "Wewe ni Mmasai?" akauliza yule msichana wa kiti cha mbele, huku uso ukimwiva. Alikuwa amesikia hadithi ya ndama na morani saa moja iliyopita, na hakuunganisha. Mtu aliyetakiwa kuwa Mmasai alikuwa amevaa suruali. Wengine waliunganisha upesi mno. Mmoja akataka apige naye picha pia, ikiwezekana ajifunge rubega ya mwenziwe. Mwingine, aliyekuwa amesoma habari za Juni 2022, wakati zilipowekwa bikoni za kutenga kilomita za mraba 1,500 za Loliondo kuwa pori la akiba, akaanza kumwuliza: je, ng'ombe wa kwao walikamatwa? Je, alikuwapo? Je, anaonaje?

Swali lilikuwa la haki, na pengine lilikuwa swali bora kuliko yote yaliyoulizwa siku ile. Lakini lina mahali pake, na mahali pake si hapo, mtu amesimama juani na simu nne za watu mkononi. Kijana alijibu kwamba kaka yake ndiye mwenye ng'ombe. Akarudisha simu kwa wenyewe, moja moja, kwa mikono miwili. Kisha akavua viatu na soksi, akavipanga chini ya mnazi, akakunja suruali, akasema anakwenda kutembea.

Hakuna aliyemtazama akienda. Ilikuwa yapata saa tano.

Baadaye alieleza kwamba alipokanyaga ule uwanda alijisikia nyumbani kwa mara ya kwanza tangu alipopanda boti. Ulikuwa mpana, ulikuwa na upepo wa kusi, na mtu aliweza kuona mbali pande zote. Tangu ana miaka sita alikuwa amefundishwa kutembea katika nchi iliyo wazi: chagua alama mbele, chagua alama nyuma, tazama jua, usijali njia. Alama yake ya mbele ilikuwa mwamba, na ya nyuma ilikuwa mnazi uliopinda. Alipita katikati ya mashamba ya mwani bila ya kujua kuwa ni mashamba; aliona vijiti vimesimikwa kwa safu na kamba zimefungwa baina yake, akazivuka, na penginepo akazikanyaga. Wanawake waliojiinamia wakamwamkia kwa sauti, naye akawapa shikamoo na kuendelea. Mmoja akampigia kelele neno asilolisikia vizuri kwa upepo.

Kilimo hiki cha mwani kilianza kibiashara kisiwani mwaka 1989, hapa Jambiani na jirani Paje, na waliokishika ni wanawake. Miaka ya karibuni maji yamezidi joto, na aina ya kotonii, yenye bei, hufa kabla ya kuvunwa. Wengi wamebaki na spinosumu yenye malipo duni. Mama wa yule binti alikuwa mmoja wao, na asubuhi ile alikuwa shambani kwake. Huko ndiko binti alikokulia, akienda na mama yake kila bamvua tangu hajaanza shule, akikabidhiwa vikamba vya kufungia miche. Kuogelea hakujifunza. Mwenye kufunga mwani hahitaji kuogelea. Anahitaji kujua aondoke saa ngapi, na aondokee wapi.

Saa saba kasoro chakula kilikuwa tayari, wali wa nazi na pweza. Mwalimu akahesabu watu, akapata kumi na saba.

Wakati ule sura ya nchi ilikuwa imekwisha kubadilika, lakini kwa aliyekuwa mchangani hapakuwa na cha kutisha. Mstari mweupe ulikuwa bado mbali, na mbele yake uwanda bado ulionekana mkavu. Maji ya bamvua hayaji yakiwa ukuta. Huingia kupitia milango ya mwamba, hujaza kwanza mkondo wenye kina ulio katikati, baina ya mwamba na mchanga, na mtu aliyeko nje karibu na mwamba husimama pakavu akijiona salama, huku nyuma yake mto unapita. Kijana alikuwa huko. Alionekana kama kijiti cheupe. Alikuwa amechutama akitazama dimbwi.

Binti wa Jambiani alitazama mara moja tu. Akaita kwa nguvu jina la kijana, na upepo ukalirudisha. Yule msichana mlinzi wa waogeleaji alikwisha kuvua kanga. Alikimbia moja kwa moja, kwa mstari ulionyooka kuelekea kwa kijana, akajitupa mkondoni na kuanza kuogelea kwa ustadi ambao wavuvi waliokuwapo walikiri hawajauona kwa mwanamke. Lakini kusi ilikuwa kali, na mkondo ulikuwa ukienda kaskazini. Kwa kila mikono mitano aliyopiga kwenda mbele alipelekwa mitatu kando. Alitokea juu ya fungu la mchanga mbali kabisa, mzima wa afya, na maji yakiwa bado baina yake na kijana.

Binti hakukimbia. Alifunga kanga kifuani, akaenda kusini, upande usiokuwa na mtu, mpaka kwenye safu ya kwanza ya vijiti vya mwani. Mashamba hupandwa juu ya mafungu, maana mwani hautaki kina, na kati ya shamba na shamba wanawake wana njia zao, zinazopinda kwa namna isiyoeleweka na mtu wa nchi kavu. Maji yalimfika magotini, kisha mapajani. Kwenye mkondo yalimfika kifuani, na hapo alisimama kidogo. Waliokuwa mchangani walimwona amesimama. Mama yake, aliyekuwa akirudi na gunia lake, alimwona pia, na hakumwita; alitupa gunia akarudi nyuma kwa njia ile ile mpaka ukingoni mwa mkondo, akasimama, akawa kama mnara wa kumwonyesha binti mahali pa kurejea.

Alivuka. Kijana alipogeuka alimkuta yuko hatua ishirini kutoka kwake, kanga imerowa, anahema.

"Maji yanajaa," akamwambia.

Akatazama nyuma kutafuta mnazi wake uliopinda. Ulikuwapo pale pale. Nchi yote baina yake na mnazi ndiyo iliyokuwa imeondoka.

Walirudi wameshikana mikono, jambo ambalo kijijini lingezungumzwa wiki nzima kama lingetokea siku nyingine. Yeye mbele, kijana nyuma, akiambiwa kila hatua akanyage wapi. Kwenye mkondo maji yalimfika binti kidevuni, na yeye kijana, kwa urefu wake, kifuani tu. Hapo alimpita mbele na kumvuta, kwa kuwa binti miguu ilikuwa haigusi vizuri. Kisha mama akampokea mwanawe kwa mkono mmoja na kwa mkono wa pili akampiga kofi la mgongo, la woga zaidi kuliko la hasira.

Mchangani watu walipiga makofi kama wafanyavyo Wamarekani, kisha wakaona makofi hayafai, wakaacha. Msichana mwogeleaji alifika baadaye kidogo akitembea ufuoni kutoka kaskazini, analia. Binti akamkumbatia, akamwambia si kitu.

Chakula kililiwa kimepoa. Kijana, ambaye kwao babu yake hagusi samaki, na ambaye dagaa alijifunza kula shule ya bweni kwa njaa, alitazama pweza katika sahani yake kwa muda mrefu, kisha akala wali peke yake. Saa kumi bahari ilikuwa imejaa mpaka kwenye mizizi ya minazi, buluu na kijani kama ilivyo katika picha, na wageni waliingia majini kwa aibu kidogo, wakatoka, wakaingia tena, mwisho wakasahau na kucheza. Yule msichana hakurudia tena habari ya kufundisha kuogelea. Jioni, ilikuwa binti mwenyewe aliyemwendea. Waliingia wawili, wamevaa nguo zao zote, wakasimama kwenye maji ya kiunoni, na waliokuwa ukumbini wakamsikia binti akicheka na kusema, "Usiniachie, wewe! Usiniachie!"

Usiku kabla ya kulala, mama yule alikuja mpaka nyumba ya wageni. Alisalimia, akauliza hali, akakubali chai. Kisha akaeleza kwamba kamba nne za jirani yake zimekatwa na vijiti kadhaa vimeng'olewa, na kwamba nyayo zilizopita pale ni ndefu mno kuwa za mtu wa Jambiani. Mwalimu akatoa mkoba. Mama akasema fedha si neno, lakini miche iliyong'oka ikilala siku mbili itaoza.

Jumapili maji yalikupwa kwa kuchelewa kidogo. Wageni walikuwa wamelala. Kijana wa Enguserosambu alikuwa amechuchumaa shambani, shati lake jeupe akiwa amelifunga kichwani, baina ya wanawake wawili waliokuwa wakimfundisha namna ya kufunga mche. Alifunga alivyofundishwa na baba yake kufunga ndama: fundo moja, lenye nafasi, lisilobana. Mwenye shamba akalivuta, likafunguka.

"Kaza, mwanangu," akamwambia, akampa lingine. "Haya maji yanakuja na nguvu."